Gari la Taka Halifiki Kisegi

Msomaji mpendwa, kabla hujaendelea kusoma, nakuomba ufanye jambo moja dogo. Nenda pale binti yako, dada yako au wewe mwenyewe unapoweka vitu vya nywele. Vimwage vyote mezani: vibanio, mipira ya kufungia, shanga, tepe, vitana vilivyong'oka meno, na yale mabaki ya nywele za bandia tunayoyaweka tukisema yatafaa siku moja. Kisha vihesabu. Mimi nilipofanya hivyo nyumbani kwangu Nairobi, nilifika 114 nikachoka. Na nyumba yangu ina vichwa vitatu tu vya kusukwa, kimoja kikiwa changu.

Sikufanya hesabu hiyo kwa kupenda. Nilifundishwa na kuku.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa niliyeolewa Kisegi. Kwa wasiopajua, Kisegi iko ukingoni mwa Ziwa Victoria, upande wa Gwassi katika Kaunti ya Homa Bay, si mbali na Migori. Nyuma yako ni milima ya Gwassi, mbele yako ni maji mpaka macho yachoke. Wenyeji ni Wasuba, ingawa wengi wao siku hizi huzungumza Kijaluo, na riziki yao ni samaki, mashamba na mifugo. Kila Desemba tunafunga mizigo kwenda kumwamkia mama mkwe, ambaye wanangu humwita Dani, yaani nyanya. Mimi mwenyewe huniita Nyar Mombasa, binti wa Mombasa, na baada ya miaka 16 ya ndoa jina hilo limenikaa kuliko lile la kwenye cheti.

Desemba iliyopita tulikwenda kwa madaha. Binti yangu mkubwa, mwenye miaka 13, alikuwa amesukwa nywele ndefu za bandia zenye shanga kila ncha, na akitembea unamsikia kabla hujamwona. Mdogo wake alikuwa na vibanio vya vipepeo kichwa kizima. Binamu zao wa Kisegi walipowaona, kila mmoja akataka kufanana nao. Haikupita wiki, kivuli cha mwembe wa Dani kikageuka saluni. Huyu anafumuliwa, yule anasukwa, nywele za huyu zinahamishiwa kichwani mwa yule. Mimi nilifurahi. Watoto wa mjini na wa kijijini wamepatana, nikasema, na nani asiyependa kuona hivyo?

Tulikuwa tumebakiza siku nne kurudi Nairobi wakati Dani aliponiita asubuhi na mapema.

"Nyar Mombasa, njoo uone."

Alikuwa amempakata mtetea wake mwekundu, yule atagaye sana. Mguu mmoja wa kuku ulikuwa umevimba, na kidole kimoja kilikuwa cheusi kama mkaa. Nilidhani ameumwa na nyoka. Dani akaniambia nisogee karibu. Ndipo nikaona uzi mwembamba umezunguka kidole mara nyingi na kuzama ndani ya nyama. Haukuwa uzi wa kawaida. Ulikuwa unywele wa bandia, wa rangi ileile ya kahawia niliyomchagulia binti yangu mwenyewe.

Dani alichukua wembe akaanza kuukata polepole, utepe baada ya utepe, huku akimsemesha kuku kama mtu amsemeshavyo mtoto aliye na homa. Mguu uliokolewa. Kidole hakikuokolewa, siku mbili baadaye kilidondoka chenyewe.

Msomaji, huenda unasema, ni kidole cha kuku tu. Nami huenda ningesema hivyo kama ningekuwa Nairobi. Lakini mayai ya Dani ndiyo sabuni yake, ndiyo sukari yake, na mara nyingine ndiyo madaftari ya wajukuu wanaokaa naye. Kuku asiyeweza kuchakura hali vizuri, na asiyekula vizuri hatagi.

Swali la Dani

Alipomaliza, Dani aliingia ndani akatoka na mkebe wa majani chai. Akanimwagia chini yaliyokuwemo. Tangu tufike, kila alipofagia uwanja aliokota: shanga za plastiki nyekundu na manjano, vipepeo vilivyovunjika bawa, mipira midogo ya rangi iliyokatika, na mafundo ya nywele za bandia. Hakuwa ameyatupa kwa sababu hakujua pa kuyatupa. Mwanzoni alijaribu kuziunguza nywele zile pamoja na majani makavu. Zikayeyuka zikanuka, moshi wake ukamkaba koo, akaacha.

Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua kweli: "Huko Nairobi, vitu hivi mnavitupa wapi?"

Nikamjibu kwamba gari la taka hupita kila wiki likachukua.

"Linavipeleka wapi?"

Nikanyamaza. Jibu nilikuwa nalo. Taka za Nairobi huishia Dandora, katika jalala ambalo limekuwepo tangu miaka ya 1970, na ambalo watu wanaishi ubavuni mwake na watoto wao. Lakini kulitamka jibu hilo mbele ya mama yule mwenye kuku mikononi kulinishinda.

Hapo ndipo nilipotambua tofauti ya Kisegi na mtaa wangu. Kwamba sisi wa mjini ni wachafu na wao ni wasafi, hilo silisemi. Gari la taka tu ndilo halifiki Kisegi. Kitu ukikileta kinabaki mbele ya macho yako, uwanjani, shambani, au mvua inakisomba mpaka ziwani. Mwaka 2020 ziwa lilipojaa kupita kiasi na kuingia katika mashamba na nyumba za watu kandokando yake, maji yalipopungua yaliwaachia wenyewe kila aina ya takataka. Mjini tunalipa kila mwezi ili mwisho wa vitu vyetu usionekane. Lakini mwisho uko palepale.

Maji na ndege

Niliporudi Nairobi nilianza kusoma. Nilitaka kujua kama nimekuza jambo dogo.

Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa samaki walionunuliwa Mwanza, upande wa Tanzania wa ziwa hilihili. Walipasua matumbo ya sangara, ambao huku tunawaita mbuta, na sato, yaani ngege. Katika samaki mmoja kati ya kila watano, walithibitisha kuwamo vipande vidogo vya plastiki. Sisemi kwamba plastiki ile ilitoka vichwani mwa mabinti zetu. Mifuko, vifungashio na nguo zina sehemu kubwa zaidi. Lakini nywele nyingi za bandia zinazouzwa madukani ni nyuzi za plastiki vilevile, hata zikiwa laini kama hariri. Haziozi. Hukatika, zikawa ndogo, kisha ndogo zaidi.

Na kuhusu kuku wa Dani, nilikuta ana wenzake mbali sana. Mwaka 2019 watafiti wa Ufaransa walichapisha uchunguzi wa njiwa wa jiji la Paris ambao wengi wao wamekatika vidole. Chanzo kikubwa kinachotajwa ni nyuzi na nywele za binadamu ambazo huwazonga miguu wanapotembea kutafuta makombo. Walichokiona ni kwamba vidole vilivyokatika vilielekea kuwa vingi zaidi katika mitaa yenye saluni nyingi. Nilimsomea mume wangu habari hiyo kwa sauti. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Serikali yetu imefanya jambo kubwa kuhusu plastiki. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni marufuku Kenya, na anayevunja sheria hiyo anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kufungwa hadi miaka 4. Mwaka 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zilipigwa marufuku katika mbuga za taifa na maeneo mengine yaliyohifadhiwa. Lakini sheria haiwezi kuingia katika mkebe wa shanga za mtoto wako. Huko ni wewe na mimi tunaoingia.

Kosa langu

Sasa nitakueleza jambo ambalo si la kujivunia. Wiki ile ya kwanza ya Januari nilishikwa na ari. Nilikusanya vile vitu 114 nilivyovihesabu, nikavitia katika gunia dogo, nikavitupa katika pipa la taka. Kisha nikaenda mjini nikanunua vitana vya mwanzi, vibanio vya mbao na mipira iliyoandikwa kwenye karatasi yake kwamba inaoza. Nilitumia pesa nyingi kuliko nilizowahi kutumia kwa nywele mwezi wowote. Jioni nikavipanga mezani, nikawaita mabinti zangu waje waone maisha yetu mapya.

Mkubwa akavitazama. Akauliza, "Mama, vile vya zamani viko wapi?"

"Nimevitupa."

"Umevitupa wapi?"

Msomaji, lilikuwa swali la Dani, limetoka Kisegi likapanda basi likanifuata mpaka sebuleni kwangu. Gari la taka lilikuwa lipite asubuhi yake. Nilitoka na tochi usiku ule, jirani akinichungulia dirishani, nikaliopoa gunia langu kutoka chini ya maganda ya ndizi.

Nilikuwa nimechukua plastiki ambayo ingetumika miaka mingine mitano nikaiharakisha kwenda Dandora, kisha nikanunua vitu vipya ambavyo navyo vilichongwa kiwandani, vikasafirishwa kwa meli, vikafungwa katika plastiki. Na yale maneno kwamba kitu kinaoza, jihadhari nayo. Kuna plastiki zinazoitwa za kuoza ambazo huhitaji joto kubwa la mitambo maalumu ndipo zioze. Ukizifukia shambani au zikianguka ziwani, hukaa muda mrefu kama ndugu zao.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya nyumba yangu ikawa hii: kitu bora kwa mazingira ni kile ulicho nacho tayari. Kitumie mpaka kikome. Kibanio kilicholegea kinaweza kukazwa. Shanga zinaweza kuoshwa kwa sabuni na kusukwa tena mara ishirini. Binti yangu mkubwa ana kibanio kimoja cha kipepeo cha plastiki alichokipata akiwa na miaka 8. Amekivaa miaka mitano. Nikikilinganisha na vibanio vyangu vinne vya mbao nilivyovinunua kwa ari, sina hakika nani kati yetu ndiye mhifadhi.

Vya asili navyo vina hesabu yake

Huenda unafikiri kwamba dawa ni kurudi kwa vitu vya asili. Nami nilifikiri hivyo, mpaka nilipomkumbuka nyanya yangu wa Mombasa. Alikuwa na kitana cha ng'amba. Kilikuwa chepesi, kina mawingu ya rangi ya asali ndani yake, na ukikiinua juani unaona mwanga ukipita. Sisi wajukuu hatukuruhusiwa kukigusa.

Ng'amba ni aina ya kasa, na vitana vile vilitengenezwa kwa magamba ya mgongo wake. Biashara hiyo ni ya kale mno pwani yetu. Kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza, kinachoitwa Periplus na kilichoandikwa kwa Kigiriki, tayari kinayataja magamba hayo pamoja na pembe za ndovu miongoni mwa bidhaa zilizonunuliwa upande huu wa Afrika. Kwa karne nyingi vichwa vya wanawake wa Arabuni, Ulaya na hapa kwetu vilipambwa kwa uhai wa kasa na ndovu. Leo ng'amba yuko katika hatari ya kutoweka kabisa. Biashara ya kimataifa ya magamba yake imekatazwa, na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kuwa na vitu vya namna hiyo bila kibali. Wakubwa wetu wanakumbuka tarehe 18 Julai 1989, Rais Moi alipowasha moto tani 12 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Nairobi ili dunia ielewe kwamba pambo halistahili bei hiyo.

Ajabu ni kwamba plastiki ya mwanzo ilipotokea ilionekana kuwa mkombozi. Mmarekani John Wesley Hyatt alipotengeneza seluloidi mwaka 1869, alikuwa akitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya pembe za ndovu. Haukupita muda mrefu vitana vya seluloidi, vilivyopakwa rangi vifanane na ng'amba, vikajaa madukani. Plastiki ilimpunguzia ndovu mzigo. Leo imewabebesha samaki na kuku. Ndiyo maana nasema, usiulize tu kama kitu ni cha asili. Uliza ni asili ya nani, na imelipwa na nani.

Hata mti una hesabu yake. Kitana cha mpingo ni kizuri, cheusi, hakivunjiki upesi. Lakini mpingo hukua polepole sana. Mti huweza kuchukua miaka 70 au zaidi kabla haujafaa kuvunwa. Tangu mwaka 2017 jamii nzima ya miti hiyo imewekwa chini ya uangalizi wa mkataba wa kimataifa wa CITES. Kwa hiyo fundi akikuuzia kitana cha mti, muulize: mti gani, na umetoka wapi? Fundi mwaminifu hatachukia. Atafurahi kuulizwa. Na kikiwa kimechongwa kutokana na vipande vilivyobaki alipotengeneza kiti, hapo umepata.

Tunavyofanya sasa

Nisikuache bila la kushika. Haya ndiyo tuliyoyajaribu nyumbani kwangu na tukayaona yanafaa. Huenda yako yakawa mengine.

Nguo ndiyo imetusaidia kuliko vyote. Leso iliyochakaa katikati bado ina pindo imara. Kata utepe wenye upana wa vidole vinne, ukunje, ushone, upitishe lastiki ndani, na una kifungio cha nywele kisichokata unywele wala kuumiza kichwa. Lastiki yenyewe si takatifu, nakiri, ina mpira na nyuzi za plastiki ndani yake. Lakini ikilegea unaibadilisha hiyo peke yake na nguo inabaki. Leso moja ilitupa vifungio 9 na kilemba kidogo. Ukienda Gikomba au Kibuye utapata vitambaa vya mitumba kwa bei ya andazi.

Uzi wa pamba nao umerudi. Wakubwa mnakumbuka nywele zilivyozungushiwa uzi mweusi zikasimama kama miale ya jua. Dani ndiye aliyemfundisha mwanangu mdogo kuzifunga hivyo. Uzi ukifunguliwa unaoshwa, unazungushwa kijitini, unangojea wiki ijayo. Hakikisha tu ni wa pamba, kwa kuwa nyuzi nyingi dukani ni za nailoni. Choma ncha kidogo: wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu, wa nailoni huyeyuka na kuacha tone gumu.

Pini za chuma nyembamba, zile za kawaida kabisa, ni rafiki wa zamani tusiyemthamini. Hudumu miaka, na mwisho wake ni kutu. Ukitaka kibanio au kitana kigumu, kuna mafundi Kibera na kwingineko Nairobi wanaochonga pembe na mifupa ya ng'ombe. Ng'ombe yule alichinjwa kwa ajili ya nyama. Pembe zake zingetupwa. Pwani tunavyo vifuu vya nazi, ambavyo hufaa kwa vifungo na vibanio. Kwa shanga, zipo za mbegu, na zipo za udongo kama zile zinazofinyangwa na wanawake wa kiwanda cha Kazuri kule Karen tangu mwaka 1975. Ni nzito kidogo na bei yake si ya kuchezea, kwa hiyo mtoto huvaa tatu badala ya thelathini, na akipoteza moja hutafutwa mpaka ionekane! Hilo peke yake ni somo.

Na pale ziwani kwenyewe kuna mali tunayoitukana. Gugu maji, lile jani lililovamia Ziwa Victoria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuzifungia mashua, likikaushwa husokotwa likawa kamba, na kina mama wa Kisumu na kwingineko hulifumia vikapu na mikeka. Wengine hutumia mafunjo. Kwa nini lisifae kuwa mkanda wa kichwani? Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004, alipofariki mwaka 2011 aliagwa kwa heshima zote za taifa, na jeneza lake lilikuwa la gugu maji, mafunjo na mwanzi, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Kama gugu maji lilifaa kumbeba mama yule, litafaa kichwani mwa binti yangu.

Kuhusu nywele za bandia, sitakuambia uziache. Mimi mwenyewe sijaziacha kabisa. Lakini tumekubaliana hivi: hatuzisuki zaidi ya mara tatu kwa mwaka, hatusuki wala kufumua nje ya nyumba, na kila kinachokatwa hutiwa katika mfuko mmoja kabla msusi hajanyanyuka kitini. Zilizo nzima huoshwa zikatumika tena. Haturushi nje, hatuchomi. Moshi wa plastiki una sumu, na aina nyingine za nyuzi hizo zikiungua hutoa gesi kali ya kuchoma macho na mapafu. Hata nywele zako mwenyewe zinazotoka kitanani usizitupe uani, kwa sababu mguu wa kuku hautofautishi wako na wa bandia. Zifukie.

Na ikiwa binti yako anasoma katika shule inayotaka nywele fupi, mpongeze. Huyo ametushinda sote bila kununua chochote.

Pale palipo pagumu

Ningekuwa mwongo nikikuambia kwamba yote yamekwenda vizuri. Binti yangu mkubwa alivaa kifungio cha leso shuleni siku mbili tu. Siku ya tatu nilikikuta chini ya mto wake. Wenzake walikuwa wamemwuliza kama kwao hakuna pesa. Alilia, nami nikakosa la kusema, kwani katika umri wake nami nililia kwa sababu ya viatu vya kurithi. Si rahisi kumwambia mtoto wa miaka 13 kwamba abebe ziwa zima kichwani mwake.

Sikumlazimisha. Nilimrudishia kibanio chake cha kipepeo. Mwezi uliofuata, bila kuambiwa, alinitafutia leso nyingine kabatini, ya buluu na nyeupe, rangi za sare ya shule yao, akaniomba nimshonee. Alishoneshea na rafiki yake mmoja. Wawili si wengi. Lakini nimeridhika kuliko ningewalazimisha mia.

Tulipokuwa tukiagana Kisegi, Dani alimpa mdogo wangu zawadi iliyofungwa katika kipande cha nguo. Ni kitana cha mti chenye meno manne, alichochongewa na baba yake alipokuwa msichana. Jino moja limekatika ncha likasuguliwa likawa laini. Kimechana vichwa vya mabinti wanne, na mafuta ya miaka yote hiyo yamekifanya kiwe cheusi na kung'aa. Tunakitumia kila asubuhi. Sijui mti wake, wala sikuthubutu kuuliza, lakini najua kimefanya kazi kwa zaidi ya miaka 60, na siku kitakapovunjika kabisa kitaingia jikoni kupika chai.

Mwezi wa Aprili Dani alitupigia simu. Mtetea mwekundu ameangua vifaranga 8. Anachechemea kidogo lakini anachakura. Wanangu wakashangilia. Kisha akaniuliza kama mwaka huu tunakuja Desemba, na akaongeza, "Watoto wakisukwa, wasukwe. Lakini kitakachokuja nanyi, mrudi nacho."

Nimeona ndilo shauri bora ninaloweza kukupa nawe, msomaji. Ukiwa dukani Jumamosi, kibanio kizuri mkononi, jiulize kimetokana na nini, kitadumu muda gani, na kitaishia wapi. Usiponunua, hujapoteza kitu. Ukinunua, kitunze. Na usijidanganye kwamba gari la taka limekiondoa duniani. Limekiondoa mlangoni pako tu.